Kuchagua Stesheni ya Kulehemu: Kisa cha Mwalimu wa Kayenze

Mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari ya Ilemela, Mwanza, mkazi wa Kayenze kando ya Ziwa Victoria, alikuwa na shilingi laki mbili alizojiwekea kwa ajili ya kununua stesheni ya kulehemu, na hakutarajia kupata nyingine kama hizo kwa muda mrefu. Elektroniki kwake si biashara. Ni jambo analolipenda na kulifanya baada ya kusahihisha madaftari. Hata hivyo, kazi zinazofika mezani pake ni za aina tatu zisizofanana, na hapo ndipo ugumu wa uamuzi wake ulipoanzia. Jioni huunda saketi ndogo ndogo, hasa redio na vidhibiti vya kuchaji betri kwa sola. Mara moja kwa wiki huongoza klabu ya wanafunzi wanaojifunza kuunganisha rezista, kapasita na transista kwenye bodi za mafunzo. Kisha, kila mwezi unapokuwa mpevu na mitumbwi ya dagaa ikakaa ufukweni, kwa kuwa usiku wa mbalamwezi dagaa hawakusanyiki chini ya taa kama wanavyokusanyika usiku wa giza, majirani zake wavuvi humletea taa zao za LED zilizokatika nyaya, zilizoingia maji au zilizokufa nusu, naye huwatengenezea kwa gharama ya vipuri tu.

Kifaa alichokuwa nacho ni pasi ya kulehemu ya wati 60 inayochomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, yenye kitufe cha kuzungusha kwenye mpini kilichoandikwa nyuzijoto 200 hadi 450, pamoja na ncha moja nyembamba yenye umbo la penseli. Alikuwa na malalamiko manne dhidi yake. Nyaya nene za taa za wavuvi hazikushika lehemu. Bodi za LED, ambazo mgongo wake ni bamba la alumini, hazikuonyesha hata dalili ya kuyeyusha. Kwenye bodi za wanafunzi, vipande vya shaba vilibanduka kutoka mahali pake. Na ncha yenyewe iligeuka nyeusi, ikakataa lehemu hata baada ya kusuguliwa kwa msasa.

Fundi simu mmoja wa Makoroboi, ambaye kazi yake naiheshimu, alimwambia, "Mwalimu, wewe tafuta ya wati mia, hakuna waya utakaokusumbua tena." Muuza duka naye alimwelekeza kwenye mashine ya pamoja, yenye pasi upande mmoja na kipuliza hewa ya moto upande wa pili, na namba mbili zinazowaka mbele. Kila mmoja alijibu kwa kuangalia kazi yake mwenyewe, na kwa kazi hizo walikuwa sahihi. Kwa mwalimu, hata hivyo, swali lilipaswa kuanzia kwingine: joto linapita wapi kutoka kwenye hita hadi kwenye kiungo, umeme wa kulizalisha unatoka wapi, na ncha ya akiba itapatikana wapi ya kwanza itakapokufa. Wati zilizoandikwa kwenye boksi zinapata maana baada ya maswali hayo kujibiwa.

Aliponiuliza mimi, nilimwomba asitoe fedha kwanza, akubali tuyatenganishe malalamiko yake manne, kwa maana mtu akinunua kifaa kipya ili kutibu tatizo lililosababishwa na ncha, lehemu au flaksi (dawa inayosafisha shaba ili lehemu ishike), tatizo hilo litamfuata kwenye kifaa kipya.

Tulianza na ncha nyeusi, ambayo ndiyo iliyokuwa na maelezo mepesi zaidi. Ncha za kisasa zina kiini cha shaba, kwa sababu shaba hupitisha joto vizuri, lakini shaba tupu huyeyuka taratibu ndani ya bati la moto, ndiyo maana kiini hicho hufunikwa kwa tabaka jembamba la chuma. Tabaka hilo ndilo uhai wa ncha. Mafundi wa zamani waliotumia ncha za shaba tupu walikuwa na haki ya kuzinoa kwa tupa kila zilipochimbika, na desturi hiyo imerithiwa na wengi wanaotumia ncha za kisasa bila kujua kwamba msasa sasa unaondoa kinga iliyowekwa kiwandani. Mwalimu alikuwa akiiweka pasi kwenye 450 ili ishinde nyaya nene, anaiacha hapo wakati akitafuta kipuri, na joto hilo liliunguza flaksi na kuotesha oksidi nyeusi juu ya ncha. Kisha msasa ukamalizia kazi. Tangu hapo hakuna lehemu ambayo ingeshika vizuri. Dawa yake ni ncha mpya, nyuzi za shaba ya njano za kufutia badala ya msasa, na mazoea ya kuiacha ncha ikiwa imevikwa lehemu kila inapozimwa.

Kubanduka kwa shaba kwenye bodi za wanafunzi kulitokana na chanzo hicho hicho. Shaba hiyo imegandishwa kwenye bodi kwa gundi, na gundi hupoteza nguvu inapopata joto kali kwa muda mrefu. Mwanafunzi anayeshika ncha nyeusi isiyopitisha joto hukandamiza kwa nguvu na kusubiri, na kadiri anavyosubiri ndivyo gundi inavyolegea. Kiungo cha kawaida cha rezista kinatakiwa kuisha ndani ya sekunde mbili au tatu, ncha ikiwa kwenye nyuzijoto 320 hadi 350.

Lalamiko la nyaya nene linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndilo linalowapotosha watu wengi wanapokwenda dukani. Lehemu yenye bati 63 na risasi 37 kwa mia huyeyuka kwenye nyuzijoto 183. Ile ya 60 kwa 40 huanza hapo hapo na kuisha kuyeyuka karibu na 190. Isiyo na risasi kabisa, yenye bati, fedha na shaba kidogo, huhitaji 217 hadi 220. Kwa hiyo ncha iliyo kwenye 350 ina ziada kubwa ya joto kuliko lehemu yoyote inavyohitaji, na kama kwenye 350 waya hauyeyushi, kuongeza namba hadi 450 hakugusi kiini cha tatizo. Tatizo ni kiasi cha joto kinachopita kwa sekunde moja. Simtanki lililojaa hadi juu halitajaza ndoo haraka ikiwa bomba lake ni jembamba kama mrija, na ncha ya penseli ndiyo mrija huo: inagusana na waya kwenye nukta ndogo, na shingo yake yenyewe ni nyembamba. Waya mnene wa shaba unalibeba joto na kulitawanya kuelekea betri haraka kuliko ncha inavyoweza kulileta.

Tulifanya jaribio lililohitaji fedha kidogo sana. Pasi ile ile ilifungwa ncha ya patasi yenye upana wa milimita tatu na ushei. Waya wa milimita za mraba 2.5 uliotoka kwenye taa ulikatwa sehemu ya mwisho iliyokuwa imegeuka kijani na nyeusi kwa unyevu na mvuke wa tindikali ya betri, ukamenywa hadi ikapatikana shaba inayong'aa, ukapakwa flaksi ya rozini, kisha ncha ikawekewa tone dogo la lehemu kabla ya kuugusa waya ili pawe na daraja la kupitisha joto. Waya ulishika. Hapo pia tuligundua kwamba lehemu yake haikuwa na maandishi yoyote kwenye kigurudumu chake, na ilipopoa ilikuwa ya kijivu iliyofifia. Lehemu yenye bati 40 na risasi 60 haimalizi kuyeyuka mpaka ifike takriban nyuzijoto 238, na kati ya 183 na hapo inakuwa kama uji. Waya ukitikisika wakati huo, kiungo hupasuka ndani bila kuonekana. Kwa kazi ya bodi, lehemu iliyoandikwa mchanganyiko wake wazi ni kitu cha kwanza kulipiwa, kabla ya stesheni yoyote.

Malalamiko matatu kati ya manne yalikuwa yamepata jibu bila stesheni mpya. Lililobaki lilikuwa la kweli, na ndilo linalohalalisha ununuzi.

Bodi za LED zenye mgongo wa alumini zimetengenezwa makusudi ziondoe joto kwenye LED na kulisambaza, na hazibagui joto la LED na joto la pasi. Ncha ya patasi iliyeyusha kidogo, ikapoa, ikanata. Tena hali hiyo ilikuwa mbaya zaidi jioni kuliko asubuhi, na mwalimu, akiwa mtu wa fizikia, alipima umeme wa nyumbani kwake jioni moja majirani wote walipokuwa wakiutumia, mita ikasoma volti 195. Nguvu ya hita hubadilika kwa mraba wa volti: pasi ya wati 60 iliyokusudiwa volti 230 hutoa takriban wati 43 kwenye volti 195. Kitufe cha kwenye mpini hakikuweza kumsaidia, kwa kuwa kwenye pasi nyingi za bei ya chini kitufe hicho hupunguza umeme tu bila kupima joto la ncha, na namba zilizochorwa pembeni yake ni makadirio ya kiwanda. Kifaa ambacho kinapima ncha na kujirekebisha chenyewe ndicho anachokihitaji mtu mwenye umeme wa namna hiyo.

Kupima ncha hakuhitaji namba zinazowaka. Weller ya Marekani iliuza kwa miongo mingi pasi za Magnastat, ambazo nyuma ya ncha yake kuna kipande cha madini kinachovutwa na sumaku kikiwa cha baridi na kupoteza mvuto kikifikia joto fulani, hivyo kukata umeme chenyewe. Ncha iliyoandikwa 7 ilidhibiti kwenye nyuzi 700 za Fahrenheit, yaani takriban 370 za Selsiasi. Hazikuwa na kioo chochote, na kazi zilizofanywa nazo ni za kutegemewa. Nayasema haya kwa sababu muuza duka alikuwa ameweka uzito wote kwenye namba mbili zinazowaka, na namba hizo hueleza tu kile ambacho kihisi kinakisikia mahali kilipo.

Mahali kihisi kilipo ndipo aina za stesheni zinapotofautiana. Stesheni iliyoenea kuliko zote katika masoko yetu ni ile inayoiga Hakko 936 ya Japani, ambayo kampuni yenyewe ilikwisha kuacha kuitengeneza na kuileta FX-888 mahali pake. Ndani yake kuna transfoma inayoshusha umeme hadi volti 24, na kwenye mpini kuna hita ya kauri ambayo ncha huvishwa juu yake kama kofia. Kihisi kimo ndani ya hita. Kati ya hita na ncha kuna uwazi mdogo wa hewa, na hewa hupitisha joto vibaya, kwa hiyo ncha inapogusa bamba la alumini na kupoa, habari hiyo hukifikia kihisi imechelewa. Kwa bodi za wanafunzi na redio, kuchelewa huko hakudhuru kitu; ni chombo kigumu, rahisi kutengenezeka, na ncha zake za aina ya 900M mwalimu alizikuta kwenye maduka aliyopita katikati ya jiji. Kama kazi yake ingekuwa klabu na redio peke yake, ningemwambia achukue hiyo na mazungumzo yangeishia hapo.

Aina ya pili hutumia ncha za T12, ambazo asili yake pia ni Hakko. Hapa hita, kihisi na ncha vimefungwa pamoja katika kijiti kimoja, kihisi kikiwa karibu kabisa na mahali panapogusa kazi. Kijiti kina ukinzani wa takriban omu 8, hivyo kwenye volti 24 kinaweza kuvuta hadi wati 72. Hita na kihisi vinatumia nyaya zile zile mbili, na stesheni hukata umeme kwa muda mfupi sana, tena na tena, ili isome joto katika mapengo hayo. Matokeo yake ni kwamba ncha hufika kwenye joto la kazi ndani ya sekunde kumi na kitu, na inapopozwa na bamba la alumini hita huitikia papo hapo. Ukilinganisha wati zake na zile za 936, tofauti kwenye karatasi haionekani kubwa. Kwenye kiungo kigumu ni kubwa sana, na inatokana na ule uwazi wa hewa ulioondolewa.

Aina ya tatu ni pasi ndogo za mkononi kama TS100 na Pinecil, ambazo hazina sanduku kabisa na huendeshwa na chaja ya kompyuta mpakato, au ya USB-C kwa upande wa Pinecil. Nazipenda sana, na kwa mtu wa hosteli ningezitaja kwanza. Ncha zake nazo nyingi ni za omu 8, kwa hiyo chaja ya volti 19 huzipa wati 45 na ya volti 20 huzipa wati 50. Aina za ncha zake, hata hivyo, ni chache na nyembamba, wakati T12 ina maumbo mengi sana, kuanzia sindano hadi patasi ya D52 yenye upana wa milimita 5.2 na ncha ya kisu ya K. Kwa bodi ya alumini, unene wa ncha ni akiba ya joto, na akiba hiyo ndiyo mwalimu aliyokuwa akiikosa.

Mashine ya pamoja yenye kipuliza hewa ya moto niliiondoa mapema. Hewa ya moto ni kwa ajili ya chipu za simu na vijenzi vidogo visivyo na miguu ya kupitisha kwenye tundu, na mwalimu hashughuliki navyo. Kipulizaji chake hula mamia ya wati za umeme wa ukutani, na fedha inayolipia kipulizaji huondolewa kwenye ubora wa pasi. Pasi ya wati mia niliiondoa kwa sababu nyingine: ikikosa kihisi, inakuwa ya moto kupita kiasi ikipumzika na ya baridi ikifanya kazi, na klabu ya wanafunzi ingebandua shaba nyingi zaidi kuliko mwanzo.

Lililoamua kati ya sanduku la T12 na mengine ni ufukwe. Taa za dagaa haziletwi zote nyumbani, nyingi zimefungwa kwenye mitumbwi pamoja na nyaya zake, na mzee mmoja mwenye mitumbwi kadhaa alikuwa amemwomba, "Mwalimu, ungeweza kuja nacho hicho kifaa chako huku, tusifungue kila kitu." Ufukweni hakuna soketi, lakini betri za volti 12 zipo nyingi, kwa maana ndizo zinazowasha taa tangu karabai zilipoanza kuachwa. Betri moja ya volti 12 ikiunganishwa na T12 huipa takriban wati 20 tu, kiasi ambacho kwa waya mnene ni kidogo mno, na hapa wengi hukata tamaa na kulaumu stesheni. Betri mbili zikiunganishwa kwa mfululizo hutoa volti 24 na zaidi, na kijiti kile kile kinapata nguvu yake kamili. Kwa hiyo nilimshauri achague sanduku la T12 lenye tundu la umeme mnyoofu wa volti 12 hadi 24, na anunue chaja tofauti ya volti 24 yenye uwezo wa ampea 4 kwa matumizi ya nyumbani. Chaja inayopokea volti 100 hadi 240 huendelea kutoa volti zake 24 hata umeme wa jioni ukishuka hadi 195, na lalamiko lile la jioni linakwisha bila gharama ya ziada. Sanduku lenye transfoma au chaja iliyojengewa ndani lingemfunga kwenye soketi ya ukutani.

Betri mbili zina hatari yake, na ni lazima isemwe wazi. Betri ya risasi na tindikali iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.7, kwa hiyo mbili husoma 25.4, na zikiwa bado kwenye chaji zinaweza kupita 28. Masanduku mengi ya aina hii yameandikwa kwamba mwisho wake ni volti 24. Suluhisho tulilolitumia linatokana na vipuri vya kawaida kabisa: daraja la daiodi nne la ampea 10, lile linalotumika kugeuza umeme wa kupishana kuwa mnyoofu, liliwekwa kati ya betri na sanduku. Umeme hupita kwenye daiodi mbili kwa wakati mmoja, na kila moja hupunguza volti 0.7 hadi 1, hivyo 25.4 hushuka hadi karibu 23.7, nguvu ikibaki takriban wati 70. Faida ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Kwa kuwa daraja hupokea umeme kutoka upande wowote, mtu akikosea chanya na hasi gizani, sanduku haliungui. Daraja hilo hupata moto, kwa hiyo limefungwa kwa skrubu kwenye kipande cha alumini, na fyuzi ya ampea 5 imewekwa karibu kabisa na betri, kwa sababu betri ya tindikali ikipigwa shoti inaweza kuunguza waya mzima. Betri inayochajiwa haitumiki mpaka iondolewe kwenye chaja na kutulia.

Upatikanaji wa ncha ndio uliokuwa upande dhaifu wa uamuzi huu. Vijiti vya T12 mwalimu hakuvipata kwa urahisi kama vile vya 900M, na kuagiza Kariakoo kunamaanisha kusubiri kifurushi kisafiri kwa basi zaidi ya kilomita 1,100. Ndiyo maana nilisisitiza atenge robo nzima ya fedha zake kwa ajili ya ncha za akiba, lehemu nzuri na flaksi, hata kama ingembidi achukue sanduku lisilo na urembo. Vijiti vitatu vingemtosha kwa muda mrefu: D24 kwa bodi za kawaida, D52 kwa nyaya na alumini, na BC2 yenye mkato wa mshazari kwa kazi za katikati. Vijiti vingi vinavyouzwa ni vya kuiga, na ubora wake unatofautiana. Mnunuzi aende dukani na mita, apime ukinzani wa kila kijiti kikiwa cha baridi, akitarajia takriban omu 8. Kinachosoma wazi kabisa kimekatika ndani, na arudishe hapo hapo. Kwa vifaa vilivyotumika kutoka Japani au Marekani, asome kwanza kibandiko cha nyuma, kwa sababu Japani hutumia volti 100 na Marekani 120, na transfoma ya volti hizo ikichomekwa kwenye 230 zetu haitaishi.

Kuna jambo la ethi, yaani waya wa kuupeleka umeme ardhini, ambalo katika Mwanza si dogo. Chaja ndogo zisizo na ethi hupitisha umeme hafifu kupitia kapasita zilizomo ndani yake, na ncha ya pasi inaweza kukaa kwenye nusu ya volti za ukutani ukilinganisha na ardhi. Umeme huo ni kidogo mno kumdhuru mtu, ingawa unaweza kuusikia kama mtekenyo kwenye ngozi, lakini geti, yaani mguu wa kuiamrisha transista, la aina ya MOSFET linaweza kutobolewa nao, na vidhibiti vya sola ambavyo mwalimu anaviunda vimejaa MOSFET. Soketi ya nyumba yake ilikuwa na matundu matatu, ila mita ilionyesha kwamba nyuma ya tundu la ethi hapakuwa na kitu. Katika jiji lililojengwa juu ya miamba, kupigilia fimbo ya ethi hadi kina kinachotakiwa ni kazi ya kweli, na mafundi wengine huiacha. Mwenye nyumba aliambiwa, na hilo ni la usalama wa familia nzima kabla ya kuwa la elektroniki. Kwa upande wa meza, mwalimu alitoa waya kutoka kwenye mwili wa ncha, ulioishia na klipu, na kila anapofanya kazi huibana klipu hiyo kwenye hasi ya bodi, ili ncha na bodi viwe na volti sawa na pasiwe na tofauti ya kupita kwenye geti. Bodi yenyewe ni lazima iwe imechomolewa kwenye umeme wowote. Ufukweni, ambako chanzo ni betri tupu, tatizo hilo halipo.

Pasi ya zamani haikutupwa. Ilivikwa ncha mpya ya patasi, ikawekewa alama ya rangi kwenye kitufe ili isizidishwe, na ikabaki kwa ajili ya klabu. Palikuwa na swali la kuwapa wanafunzi lehemu isiyo na risasi, ambayo Umoja wa Ulaya umeifanya kuwa kawaida katika vifaa vingi vya umeme vinavyouzwa huko tangu Julai 2006. Nilipendekeza wabaki na ile ya 63 kwa 37, kwa kuwa pasi dhaifu na mikono inayojifunza hupata shida zaidi kwenye joto la juu, mradi masharti mawili yafuatwe bila kulegeza. Risasi haigeuki mvuke wa kutisha kwenye joto la kulehemu, lakini hushika mikononi na kuingia mwilini kupitia mdomo, kwa hiyo hakuna kula mezani na kila mmoja hunawa kwa sabuni akimaliza. Moshi unaoonekana ni wa rozini, na huo huwasha mapafu na unaweza kuleta pumu kwa anayeuvuta mara kwa mara. Dirisha liwe wazi na feni iuvute moshi mbali na uso. Mabaki ya lehemu hukusanywa kwenye kopo, yasizolewe kuelekea ziwani.

Tangu mwalimu aanze kutumia sanduku la T12, nyaya za taa anazimaliza kwenye nyuzijoto 350 na ncha zake zimebaki na mng'ao. Bodi za alumini ndogo zinashika kwa D52. Zile pana, zenye LED nyingi kwenye bamba moja, bado zinaishinda stesheni ikiwa peke yake, na hilo nilimweleza kabla hajanunua, kwa sababu hata stesheni za gharama kubwa kuliko yake hupata taabu hapo. Kwa bodi hizo analaza pasi ya nguo kuukuu juu chini, anaiweka kwenye joto la chini, anaiweka bodi juu yake mpaka ifike karibu nyuzijoto 100 au 120 kwa kupima kwa kihisi cha mita yake, kisha analehemu bodi ikiwa hapo hapo. Akishaiondoa huiacha ipoe polepole juu ya kipande cha mbao, naye hupima kila LED kabla ya kurudisha kioo na kuziba kingo kwa silikoni.